Sio Mbaya Kihivyo: "This" na "That" Zinapokaa Kando ya Kivumishi

Kati ya mwaka 1965 na 1970 televisheni za Marekani zilirusha kichekesho kiitwacho Get Smart, kazi ya Mel Brooks na Buck Henry. Shujaa wake, jasusi Maxwell Smart aliyeigizwa na Don Adams, alikuwa bingwa wa kukosa. Mambo yakimwendea kombo aliinua kidole gumba na cha shahada, akavikaribisha mpaka ukabaki upenyo mdogo, kisha akatamka kwa uso mkavu: "Missed it by that much." Nimekosa kwa kiasi hiki tu. Kilichovunja watu mbavu ni kwamba mara nyingi alikuwa amekosa kwa umbali mkubwa ajabu.

Ukiitazama sentensi hiyo vizuri, huoni neno lolote la kutia chumvi. Hamna "very", hamna "extremely". Nguvu yake yote imebebwa na neno dogo la kuonyesha, lile lile ambalo mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa wiki za mwanzo mwalimu anapoelekeza kidole kwenye kiti cha pembeni na kusema "that chair". Tofauti ni kwamba hapa neno hilo halikutangulia nomino. Limesogea kando ya neno la kiasi, na swali linalojibu limegeuka: kutoka "kipi?" limekuwa "kiasi gani?"

Wanaojifunza Kiingereza wakiwa wakubwa hukutana na jambo hili kila siku, kwenye filamu, kwenye mpira, kwenye simu na ofisini, lakini vitabu vingi vya darasani hulipitia juu juu. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuandika barua nzuri ya kuomba kazi, halafu akaduwaa anapoambiwa "It's not that far" na kujiuliza hiyo "that" inaonyesha nini ilhali hakuna kitu mbele yake.

Inaonyesha kipimo. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na mengine yote kuhusu matumizi haya yanatoka hapo.

Kutoka kwenye kitu hadi kwenye kipimo

Chukua maneno mawili, "that big". Yakifuatwa na nomino, kama katika "that big dog", msikilizaji anatakiwa kutazama mbwa: yule mkubwa, si wale wengine. Nomino ikihama na sentensi ikawa "The dog isn't that big", mbwa ameshajulikana na hakuna haja ya kumtafuta. Kinachoonyeshwa sasa ni ukubwa wake, na maana inakuwa: mbwa huyo si mkubwa kiasi hicho. Kamusi za Kiingereza huyatenganisha matumizi haya mawili. La kwanza huitwa kionyeshi, la pili huwekwa katika kundi la vielezi, pamoja na maneno kama "so", "too" na "very".

"This" nalo hufanya kazi hiyo hiyo, na yote mawili hukubali vivumishi vya kila aina ilimradi viwe na viwango vya kupanda na kushuka: "tall", "late", "cold", "expensive", "stupid". Hukubali pia vielezi: "this early", "that often", "this fast". Kivumishi kisicho na ngazi hukataa. Mtu ama ameoa ama hajaoa, kwa hiyo "He isn't that married" huchukuliwa kuwa utani, na kwa kawaida ni utani kuhusu mume asiyetulia nyumbani.

Kati ya maneno haya mawili, "this" ndilo linalopenda kuandamana na mkono. "The fish was this big" haiwezi kukamilika bila viganja viwili kutengana hewani. "I came this close to winning" huhitaji vidole viwili vinavyokaribia kugusana. Ukiyasema hayo redioni, sentensi inabaki na pengo, kwa sababu kipimo chake kiko mkononi na msikilizaji haoni mkono. Wamarekani wana hata neno la ziada la kazi hii katika mazungumzo ya kawaida: husema "yea big" au "yea high", huku kiganja kikionyesha kimo. Bila kiganja, "yea" haina maana yoyote.

Lakini si lazima mkono uwepo. "This" huweza pia kushika hali ambayo msemaji yumo ndani yake wakati huo huo. Mtu aliyesimama barabarani London mwezi Januari akisema "I didn't know it could get this cold", kipimo chake ni baridi inayomtafuna masikio. Anayesema "I've never been this happy" anaonyesha furaha aliyo nayo sasa hivi. Akibadili na kusema "I've never been that happy", furaha imehamia kwa mwingine: labda ametoka kusimuliwa kuhusu maharusi fulani, na anakiri kwamba yeye hajawahi kufika huko.

"That" linaonyesha nini?

Kama "this" linaonyesha kilichopo, "that" hushika kilichokwisha kutajwa. Rafiki anasema tiketi ya ndege imefika dola 2,000, mwenzake anashangaa, "I didn't know it was that expensive." Kipimo ni hizo dola 2,000. Mtoto analalamika kwamba anakufa kwa njaa huku akikataa maharage, na mama wa Kiingereza anamjibu, "If you're that hungry, eat your beans." Kipimo ni njaa aliyojitangazia mwenyewe.

Yako mazingira ya tatu, na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Mtu anatoka kwenye sinema, hajaulizwa chochote, na anasema, "It wasn't that good." Hakuna aliyetaja kiwango. Hakuna mkono. Kipimo kinachoonyeshwa hapa ni matarajio: sifa zilizovuma, tangazo lililobandikwa mjini, maoni ya wakosoaji. Msemaji anachukulia kwamba msikilizaji anayajua matarajio hayo kama yeye, na anayaonyesha kana kwamba yapo mezani.

Matumizi haya ya tatu yana sharti: hupatikana zaidi katika sentensi za kukanusha na za kuuliza. "It isn't that hard" ni ya kawaida, na "Is it that hard?" pia. "It's that hard" ikitamkwa peke yake ghafla, msikilizaji atabaki akisubiri ufafanuzi: ngumu kama nini? Mlango wa sentensi yakinifu hufunguka pale tu ambapo kipimo kimeshatolewa. Mmoja akiuliza, "Is it that bad?", mwingine anaweza kuitika, "Yes, it's that bad," na jibu lake likawa zito kuliko "very bad", kwa sababu limeuthibitisha wasiwasi wa muulizaji kwa kipimo alichokileta yeye mwenyewe. Watangazaji wa biashara wanaujua mtego huu. Wanapoandika chini ya picha ya kinywaji kwamba "It's that good", wanajifanya wanamjibu mtu aliyekwisha kushangaa.

Hapo pia ndipo "that" linapoachana na "so". Mtu akiruka kwa furaha anaweza kupiga kelele, "I'm so happy!" Hawezi kusema "I'm that happy!" katika nafasi hiyo. "So" hutosheka na hisia ya msemaji peke yake, lakini "that" hudai kitu ambacho wote wawili wanakiona au wanakijua. Ndiyo maana kukanusha kwa "that" kuna adabu ndani yake. Kusema "She's not tall" ni kutoa hukumu. Kusema "She's not that tall" ni kurekebisha tu makadirio ya mtu, na urefu wenyewe haujakataliwa.

Waingereza wameitumia njia hii mpaka ikawa sehemu ya tabia yao ya kusema kwa kupunguza. "Not that bad" kinywani mwao yaweza kuwa sifa kamili, kama vile Mswahili anavyosema "si haba" juu ya mavuno yaliyojaa ghalani. Wanaongeza pia "all" mbele yake: "It wasn't all that expensive." Neno hilo la ziada hulainisha ukanushaji zaidi, na halikai katika sentensi yakinifu ya namna hiyo. Hutasikia "It was all that expensive".

Hivi, hivyo na vile

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati: chombo hiki anacho nyumbani. Mvuvi wa Kilwa anayetanua mikono na kusema "samaki mkubwa hivi" amefanya hasa anachofanya mwenzake wa Cornwall kule Uingereza anaposema "this big". Mama anayemwambia dereva "usiende kasi hivyo" amesema "not that fast". Mitaani Dar es Salaam vijana wamelipa neno hilo kiambishi kipya na sasa husema "sio mbaya kihivyo" au "sina hela kihivyo", na hapo kipimo kinachoonyeshwa ni matarajio, sawasawa na "not that bad".

Lugha zote mbili zimefuata njia moja. Kila moja imechukua neno la kuonyesha vitu, ikaligandisha katika umbo moja, ikalipa kazi ya kuonyesha namna au kiasi. Kiswahili kiligandisha maumbo ya ngeli ya KI-VI: hivi, hivyo, vile. Kiingereza kiligandisha "this" na "that" katika umoja. Kifaransa, ambacho wasemaji wa Kiswahili wa Kongo na Burundi hukutana nacho shuleni, kimekwenda njia ya pembeni kidogo: husema "grand comme ça", yaani kubwa kama hivi, kikiongeza neno la kulinganisha katikati.

Tofauti ya kwanza ni idadi. Kiswahili kina hatua tatu: hivi kwa kilicho karibu na msemaji, hivyo kwa kilichotajwa au kilicho upande wa msikilizaji, vile kwa cha mbali. Kiingereza kina mbili tu, na "that" hubeba mzigo wa "hivyo" na wa "vile" kwa pamoja.

Tofauti ya pili ni mahali pa kukaa. Kiswahili huweka kipimo nyuma ya kivumishi, Kiingereza hukiweka mbele. Anayefikiri kwa Kiswahili huanza kusema "big like this" au "heavy like that". Ataeleweka, lakini sentensi itasikika kama iliyovaa nguo ya kuazima. Kiingereza cha kawaida ni "this big", "that heavy".

Tofauti ya tatu huwaponza hata walioiva. Mtu aliyelelewa na upatanisho wa ngeli hawezi kuona wingi akautazama tu. Anajua kwamba viatu ni "these shoes", basi anaandika "The shoes are not those expensive." Kosa hilo lina mantiki yake, lakini "that" la kipimo haliangalii nomino. Kiatu kimoja, viwili au duka zima, vyote ni "that expensive". Samaki mmoja ni "this big", na samaki mia ni "this big" pia. "These" na "those" hazina nafasi kabisa mbele ya kivumishi katika kazi hii.

Nomino inaporudi

Mambo huwa magumu zaidi nomino inapotaka kurudi ndani ya sentensi. Tuseme mtu anataka kukanusha kwamba tatizo ni kubwa kiasi hicho, na anataka neno "problem" liwemo. Mpangilio wa kawaida wa Kiingereza ni "a big problem", huku "a" ikitangulia. "That" likiingia, safu nzima hugeuka: "It's not that big a problem." Kivumishi kimeruka mbele ya "a". Maneno yanayolazimisha mruko huu ni machache: "so", "as", "too", "how", "this" na "that". Wanaisimu wa Kiingereza wameshindwa kuueleza kwa urahisi hata wakaubandika jina la utani, "Big Mess".

Wamarekani wengi katika mazungumzo huongeza "of" na kusema "that big of a problem". Wahariri wakali hulikata neno hilo wanapoliona kwenye makala, lakini linasikika kila siku vinywani mwa watu wenye elimu. Kwa anayeandika mtihani au barua ya kikazi, usalama uko kwenye umbo lisilo na "of".

Wingi nao una sheria yake. "That big problems" haisemwi, kwa sababu hakuna "a" ya kurukwa. Njia ni kukipeleka kivumishi nyuma ya nomino: "I've never had problems that big." Hivyo hivyo kwa vitu visivyohesabika: "I can't swim in water this cold." Mswahili atatulia hapa, maana huu ndio mpangilio wa kwao: matatizo makubwa hivyo, maji ya baridi hivi.

Mizizi ya zamani

Wapo wanaodhani matumizi haya ni uzembe wa vijana. Historia inawakatalia. Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa mpaka miaka ya 1100 hivi, kilikuwa na jinsia tatu za nomino, na kila neno la kuonyesha lilibadilika kufuata jinsia na kazi yake katika sentensi. "That" la leo ni mrithi wa umbo moja tu katika kundi hilo, lile la jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Ndugu yake mmoja, þæs, ambaye herufi yake ya kwanza ilitamkwa kama "th", alikuwa akikaa mbele ya vivumishi kwa maana ya "kiasi hicho". Umbo limekufa, kazi imerithiwa.

Ndugu mwingine hakufa, amejificha. Waingereza wanaposema "the sooner the better", wengi hudhani hiyo "the" ni ile inayotangulia nomino kama "the house". Asili yake ni nyingine. Ni masalia ya þȳ, umbo la neno la kuonyesha lililomaanisha "kwa kiasi hicho". Kwa hiyo sentensi hiyo, kwa asili yake, inasema: kwa kiasi cha upesi, kwa kiasi hicho bora. Kiswahili husema kadiri inavyokuwa mapema ndivyo bora, na "ndivyo" hiyo imebeba -vyo ile ile ya "hivyo".

Kaskazini mwa Uingereza, pamoja na Scotland na Ireland, watu wamelipa "that" uhuru ambao Kiingereza sanifu hakilipi. Husema "I was that tired I fell asleep on the bus", wakimaanisha walichoka hivi kwamba wakalala ndani ya basi. Sanifu ni "so tired that I fell asleep". Anayejifunza afurahie kuisikia lahaja hiyo, ila kwenye karatasi ya mtihani itahesabiwa kosa.

Sikio nalo lina kazi. Kiingereza kina "that" nyingine, ile ya "kwamba", na hiyo hutamkwa kwa kumezwa, irabu yake ikisikika kwa mbali. "That" la kuonyesha, liwe la kitu au la kipimo, halimezwi. Irabu yake hutoka wazi. Mkazo wa sauti pia hubadili ujumbe. Katika "It's not that bad", sauti ikipandishwa kwenye "that", msemaji anakubali ubaya upo ila anaukatia mpaka. Sauti ikiangukia "bad", anamaanisha tu kwamba mambo ni shwari.

Kuonyesha kwa moyo

Mpaka hapa kidole kimekuwa kikielekezwa kwenye kipimo. Kiingereza kina njia ya pili ya kuviunganisha kionyeshi na kivumishi kwa ajili ya kutia nguvu, nayo hubakiza nomino mahali pake lakini hubadili sababu ya kuonyesha.

Mtu anaanza hadithi: "So I'm waiting for the bus, and this huge guy sits next to me." Msikilizaji halijui jitu hilo na haliko mbele yake. Kwa sheria za darasani ilipaswa kuwa "a huge guy". Mwaka 1981 mwanaisimu Ellen Prince wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha uchunguzi wa "this" ya namna hii, akionyesha kwamba ni ya kutambulisha kitu kipya ambacho msemaji ana jambo la kusema juu yake. Miaka minane baadaye, Morton Ann Gernsbacher na Suzanne Shroyer walilijaribu wazo hilo kwa watu. Waliwasikilizisha hadithi zilizokatizwa punde tu baada ya kutajwa kitu kipya, wakawaomba waziendeleze wenyewe. Kitu kilichotambulishwa kwa "this" kilirudiwa zaidi katika hadithi zao kuliko kilichotambulishwa kwa "a". Neno moja lilikuwa limewanong'oneza: huyu atakuwa na maana, msimwache. Kwa hiyo anayesikia "this huge guy" na asisikie tena habari za jitu hilo ana haki ya kuuliza lilikwenda wapi.

"That" nalo lina upande wake wa hisia. Mwaka 1974 Robin Lakoff, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, aliandika makala fupi kuhusu "this" na "that" ambayo bado inatajwa na wanaisimu. Mbali na kuonyesha mahali, na mbali na kurejelea kilichosemwa, aliona kazi ya tatu na kuihusisha na hisia: msemaji hutumia kionyeshi ili kumvuta msikilizaji karibu, kana kwamba wawili hao wana jambo lao. Jirani akiuliza, "How's that naughty little boy of yours?" hana haja ya kuonyesha ni mtoto yupi. Analeta kumbukumbu ya pamoja ya utundu wa mtoto huyo, kama Mswahili anavyouliza, "Yule mtundu wako hajambo?"

Sentensi hiyo ina fundo la kisarufi kwa wageni. Kiswahili hukubali kionyeshi na kimilikishi vikae pamoja: hiyo sauti yako nzuri. Kiingereza cha leo hakikubali "that your beautiful voice". Hulazimika kuzunguka: "that beautiful voice of yours". Zamani ukali huu haukuwepo. Tafsiri ya Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina mahali ambapo "this" hufuatwa moja kwa moja na "my". Leo mpangilio huo ukisikika kwa mzungumzaji wa Afrika, Mwingereza huuona ni wa kigeni, bila kujua kwamba babu zake waliusema.

Wanasiasa hawakuchelewa kuigundua nguvu hii. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Richard II, ya miaka ya 1590, mzee John of Gaunt akiwa karibu kufa anaisifia Uingereza kwa kulirudia "this" pamoja na kivumishi baada ya kivumishi, na hotuba hiyo imekuwa ikitumiwa kuamsha uzalendo tangu wakati huo. Karne nne baadaye mgombea wa umakamu wa rais wa Marekani, Sarah Palin, alijulikana kwa mtindo wake wa kujaza "that" mbele ya sifa na nomino. Eric Acton na Christopher Potts waliuchunguza mtindo huo katika makala ya mwaka 2014, na kichwa cha makala kilianza kwa maneno "That straight talk". Hoja yao ni kwamba vionyeshi vya namna hiyo hujenga ujamaa: anayekubaliana na mtazamo wa msemaji hujihisi yumo ndani ya nyumba, na asiyekubaliana nao huona anasukumiwa undugu asioutaka.

Silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Tarehe 7 Oktoba 2008, katika mdahalo wa Nashville, mgombea urais ambaye Palin alikuwa mgombea mwenza wake, John McCain, alizungumzia mswada wa nishati na kumwashiria mpinzani wake Barack Obama kwa maneno "that one". Hakuna kivumishi, hakuna jina, na wengi walikisikia kibaridi kilichomo. Wafuasi wa Obama waliyachapisha maneno hayo kwenye fulana na kuyavaa kwa fahari. Kionyeshi kinachoweza kumvuta mtu karibu kinaweza pia kumweka mbali, na kinachoamua ni sura, sauti na uhusiano wa waliopo.

Mtaani na ofisini

Lugha ya mitaani haijaacha kuchezea maneno haya. Miaka ya 1990 vijana wa Marekani, kwa ushawishi mkubwa wa Kiingereza cha Wamarekani weusi, walizoea kusema kwamba mtu mwenye majivuno "thinks he's all that". Kivumishi kimeanguka kabisa. Kimebaki kipimo kitupu, na kila mtu anajijazia sifa anayotaka: mzuri hivyo, maarufu hivyo, mjanja hivyo. Kipindi cha watoto kilichoanza mwaka 1994 kilipewa jina All That, na mwaka 1999 ikatoka filamu She's All That. Vijana wa leo wana "It's not that deep", la kumtuliza anayekuza jambo dogo.

Kwa mwandishi wa barua na ripoti, mpaka ni rahisi kuuona. Ukanushaji wa kawaida, kama "The cost is not that high", hupita katika maandishi mengi ya kikazi ikiwa kiwango kimetajwa. Kama hakijatajwa, "particularly" au "very" huwa salama zaidi, maana msomaji wa ripoti huenda hayajui matarajio ya mwandishi. "This" ya hadithi, ya "this huge guy", ibaki barazani.

Jijini Nairobi "that" la kipimo limeshavuka mpaka na kuingia ndani ya Kiswahili chenyewe. Vijana husema "haiko that bad", "siko that hungry", na msikilizaji hashtuki. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba sarufi haijachanganyika ovyo. Kitenzi kimekanushwa kwa Kiswahili, lakini "that" limeingia pamoja na kivumishi chake cha Kiingereza na kushika kiti chake cha mbele. Msemaji huyo huyo akirudi kwenye Kiswahili kitupu atasema "sio mbaya hivyo", na kipimo kitahamia nyuma bila yeye kufikiri.